Vijiti Kumi na Vinane

Mwezi mmoja baada ya kutolewa nyuzi za mshono, Azzan alikuwa bado anakula nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa kanga kuukuu ya mkewe, Fakhriya, iliyotundikwa kwenye kamba kati ya kitanda na dirisha la chumba chao cha Mtaa wa Mkunguni, na nyuma yake palikuwa na kigoda, kikombe cha bati cha uji na taulo la kufutia kidevu. Hakuna aliyemwambia ajifiche. Alijificha mwenyewe, kwa sababu uji ulikuwa ukimtoka pembeni mwa mdomo naye hasikii mpaka umefika kwenye kanzu. Alikuwa ameuza halua Kariakoo kwa miaka ishirini na miwili, akiwatazama watu usoni mchana kutwa, na sasa hakutaka mtu amtazame yeye.

Ugonjwa ulikuwa kansa ya taya. Madaktari walikata kipande cha mfupa upande wa kulia, wakaingia hadi shingoni kutoa matezi, na walipomaliza wakasema wameiondoa yote. Nyumba nzima ilimshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyekuwa ameieleza nyumba hiyo kwamba mtu anaweza kupona ugonjwa na bado asiweze kufungua kinywa. Taya lilikaza. Bega la kulia nalo likashuka kama la mtu aliyebeba ndoo, na mkono ukawa hauinuki kupita kifua.

"Kovu linajivuta, Mzee," alimwambia Sista Theopista, mama wa Kichaga wa Kibosho aliyekuwa akiendesha chumba cha mazoezi pale hospitali. Alikuwa mrefu, hana haraka, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko sauti yake. "Ni kama ngozi ya mbuzi. Ikiwa mbichi unaiwamba utakavyo. Ikishakauka imekauka. Una miezi mitatu. Wa nne usiutegemee."

Akamwonyesha la kufanya. Kwa mkono, asimame mbele ya ukuta na kutembeza vidole kwenda juu, kila siku apite alama ya jana. Kwa taya, vilikuwepo vijiti bapa vya mbao, vile ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Alivipanga kimoja juu ya kingine, akavitia kati ya meno ya mbele ya Azzan. Vikaingia tisa. Akamwambia avishikilie hivyo mpaka amehesabu mia, kisha asukume kimoja zaidi katikati. Mara tano kwa siku, maumivu yawepo yasiwepo.

"Vyangu hivi ndivyo vilivyobaki, vingine haijulikani vitakuja lini," alisema. "Chukua hiki kimoja, fundi seremala akuchongee kumi na vinane sawasawa nacho."

"Kwa nini kumi na vinane?"

"Hapo kinywa kinapitisha vidole viwili. Kwa vidole viwili mtu anakula wali na watu."

Wali ndio uliokuwa ukimnyima raha. Binti yake wa pekee, Hamdiya, alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tisa kutoka siku hiyo. Ndoa ikishafungwa wanaume huketi mkekani, watano watano kwa sinia, na baba wa bibi harusi huketi sinia moja na baba wa bwana harusi. Huyo alikuwa Mzee Hamud, muuza ngozi wa Msimbazi, mtu mwema lakini mshika desturi kupita kiasi. Ilijulikana kwamba aliwahi kuvaa viatu na kuondoka kwenye karamu ya watu kule Bagamoyo, kwa sababu mwenye nyumba alisimama pembeni akiangalia wageni wanavyokula. Mwenyeji asiyetia mkono kwenye sinia lake, alisema Hamud, ama anawadharau wageni ama anakijua kilichomo.

&nbsp;

"Kaka, nitakaa mimi," alisema mdogo wake Azzan, aliyekuja jioni ile na mfuko wa machungwa ambayo mgonjwa hakuweza kuyala. "Wewe tutakuwekea kiti karibu na mlango, uvae joho lako. Watu watakuona. Mgonjwa halaumiwi."

"Mimi si mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa."

"Basi Mzee Hamud tutamweleza."

"Utamwelezaje? Kwamba baba wa mke wa mwanawe anakunywa uji nyuma ya kanga?"

Maneno yalitoka kati ya meno yaliyofumba, na mdogo wake ilibidi ainame ili ayasikie. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Azzan zaidi. Mlangoni Fakhriya alikuwa akichagua mawe kwenye mchele wa harusi, ule waliopewa kwa kibali cha mjumbe wa nyumba kumi baada ya kwenda na kurudi mara saba. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Nikifika kumi na vinane nitakaa mwenyewe," alisema Azzan. "Nisipofika, utakaa wewe. Hayo ni makubaliano."

&nbsp;

Vijiti vilichongwa na Pantaleo, seremala wa Rombo mwenye kibanda cha mabati pale kwenye kona. Alivitoa kwenye mabaki ya mninga, akavipiga randa hadi vikalingana na kile cha hospitali, na alipoulizwa bei alisema mabaki hayo angeyawashia moto tu. Fakhriya ndiye aliyevitunza. Kila zoezi likiisha alivichemsha kwa maji ya chumvi, akavianika dirishani, na wakati wa zoezi alimpa mumewe kimoja kimoja.

Wiki ya kwanza Azzan alitoka tisa akafika kumi. Halafu akakwama. Siku nane zilipita, kijiti cha kumi na moja kinagonga meno na kurudi. Kila kilipokataa, Azzan alisukuma kikombe cha uji na kugeuza uso ukutani. Fakhriya alibembeleza, Hamdiya akalia, mdogo mtu akaja kukemea, na ikawa kazi bure. Siku ya nane hakuwa ametia tumboni ila chai, na kanzu ilikuwa ikimning'inia kama imetundikwa kwenye msumari.

Siku ya tisa kijiti cha kumi na moja kiliingia. Azzan alikishika kwa kidole asiamini. Asubuhi ile alikunywa vikombe viwili vya uji na kuomba asali.

Kuanzia hapo mambo yakamnyookea. Kumi na viwili, kumi na vitatu. Akaanza kwenda dukani kwake saa moja moja, akikaa tu huku kijana wake akiuza. Majirani walimwuliza "Leo ngapi?" kwa namna wanavyouliza matokeo ya mpira wa Jangwani, naye akawaonyesha kwa vidole. Kumi na vitano. Kumi na saba. Jumatatu ya wiki ya tano aliingiza cha kumi na nane, akaagiza mtu aende kumwambia mdogo wake kwamba siku ya harusi atafute sinia jingine.

Kweli, alishangaa kidogo kwamba bado wali ulimshinda, na kijiko kiliingia kwa ubavu tu. Lakini hesabu ilikuwa hesabu, na mtu aliyetoka gizani hasimami kuuliza taa imewashwa na nani.

&nbsp;

Siku ya kurudi hospitali Fakhriya alisema tumbo linamsumbua, hataweza kwenda naye. Azzan alikwenda peke yake, kanzu imepigwa pasi, vijiti vimefungwa kwenye leso. Chumba cha mazoezi kilikuwa kimejaa. Kwenye benchi kulikuwa na vijana wenye miguu kwenye plasta, akina mama wenye watoto, na wanafunzi wawili wa uuguzi waliokuja kujifunza.

"Tazameni mzee huyu," Sista Theopista aliwaambia wanafunzi. "Fungua, Mzee."

Alitumia vijiti vyake mwenyewe. Vikaingia kumi na viwili. Cha kumi na tatu kikagoma. Alijaribu pole pole, akajaribu tena, akaacha.

"Nyumbani nina kumi na vinane," alisema Azzan. "Labda vyako vinene."

Sista akaomba leso, akasimamisha rundo la Azzan juu ya meza na rundo lake ubavuni. Kumi na vinane vya huyu vilikuwa kimo kimoja na kumi na viwili vya yule. Mwanafunzi mmoja alitazama dirishani. Kijana wa plasta akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Harusi lini?" aliuliza Sista.

"Wiki nne."

"Wiki zilizopita nyingine zimepotea, lakini si zote. Ulitoka tisa." Akafunga vijiti vyake kumi na vinane kwenye kipande cha bendeji, akampa. "Nakuazima. Nataka vyote virudi. Kovu halijui hesabu yako, Mzee. Linajua umelivuta au hukulivuta."

&nbsp;

Azzan hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Pantaleo, na kwa bahati mbaya ya Pantaleo palikuwa na watu: wavulana wawili wa tawi la chama waliokuja kuchukua benchi la mkutano, na mama mmoja aliyetaka sanduku la mwanawe wa shule ya bweni.

"Fundi gani wewe," alisema, "hata vijiti vinakushinda? Au ndiyo kubana mbao? Umeona ni mgonjwa, hatapima?"

Kwa kuwa alisema kwa meno yaliyofumba, watu walisogea ili wasikie vizuri, na hilo likafanya jambo kuwa baya zaidi. Pantaleo alifuta mikono kwenye suruali, akachukua kijiti kimoja na kukipitishia kidole gumba. Yeye alikuwa amepiga randa. Hiki kilikuwa kimesuguliwa, mikwaruzo inakwenda mbele na nyuma. Akakumbuka kwamba Bi Fakhriya alikuja kuazima kipande cha msasa, akisema ni cha kusugulia mwiko, na baada ya siku chache akaja kuomba kingine.

"Samahani, Mzee," alisema Pantaleo. "Nitakuchongea vingine."

"Sitaki vyako."

Yule mama wa sanduku alitazama huku na huku, akasema atapita siku nyingine, akaondoka.

&nbsp;

Nyumbani alimsimulia mkewe yote akiwa amesimama, kilemba bado kichwani. Fakhriya alisikiliza akiwa ameketi juu ya kitanda.

"Umemwambia hayo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Wamjue."

Fakhriya aliinuka, akafungua debe la unga, akatoa kipande cha msasa kilichokwisha makali, akakiweka mkekani.

"Pantaleo hana kosa," alisema. "Ni mimi."

Azzan aliuokota msasa ule, akaupitishia kidole.

"Siku zile nane ulikuwa huli," aliendelea Fakhriya. "Nikaona kijiti kikiingia unakula, kisipoingia huli. Nikasema basi kitaingia. Kila ukienda msikitini nilisugua kimoja, siku nyingine viwili."

"Umenidanganya, Fakhriya."

"Nimekulisha."

"Wiki tatu nzima. Wiki tatu zimepotea."

"Najua. Nimezihesabu kuliko wewe. Kila ulipofurahi nilitaka kusema, na kila nilipotaka kusema ulikuwa unakula."

Azzan alikasirika, tena sana. Lakini chini ya hasira palikuwa na aibu iliyoizidi, maana aliona amekuwa mume ambaye mkewe hawezi kumwambia kumi ni kumi. Alikaa chini, akavua kilemba, akakikunja bila sababu. Hamdiya alikuwa ameyasikia yote akiwa uani. Akaja akasimama mlangoni, macho mekundu.

"Baba, tuisogeze harusi. Watatuelewa."

"Haisogezwi," alisema Azzan. Kisha akamgeukia mkewe. "Kuanzia leo hesabu ni yako. Nikikwama, sema nimekwama. Na uji uulete hata nikigeuza uso."

"Na ukisukuma kikombe?"

"Nitakunywa."

&nbsp;

Kesho yake alingoja mpaka saa nne, kibanda cha Pantaleo kilipojaa, ndipo akaenda. Alisimama palepale aliposimama jana.

"Jana nilisema hapa kwamba fundi huyu amenipunja mbao. Nilikosea. Vijiti vilipunguzwa nyumbani kwangu, si kwake. Namwomba radhi."

Hakusema vilipunguzwa na nani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Watu walipopungua alimsogelea Pantaleo.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nimtaje mkeo mbele ya wale vijana?"

Azzan akauliza yule mama wa sanduku anakaa wapi, akaelekezwa upande wa Gerezani, akaenda kwa miguu kumwambia na yeye.

&nbsp;

Wiki zile nne zilikuwa ngumu, na hazikuwa na hadithi nzuri. Fakhriya aliloweka kitambaa kwenye maji ya moto, akakanda taya, akasugua kovu kwa mafuta ya nazi kama Sista alivyomwelekeza, kisha akaingiza vijiti. Kumi na viwili. Kumi na viwili. Machozi yalimtiririka Azzan hadi masikioni, mkewe akihesabu kwa sauti ile ile anayopimia mchele, na alipofika mia alisema, "Umekwama," kama walivyokubaliana. Halafu akaleta uji. Azzan aliugeuzia uso, akarudisha uso, akanywa.

Siku ya sita alisema, "Kumi na vitatu," naye Azzan akamtazama machoni kuona kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Ukutani alama za mkaa zilikuwa zikipanda, kutoka usawa wa kifua hadi wa bega, kutoka bega hadi sikio. Sista alikuwa amemfundisha pia kuegemeza kiwiko juu ya goti lililosimamishwa, ili mkono ufike kwenye chakula bila bega kuubeba wote.

Ile kanga ya pazia Fakhriya aliiteremsha Jumamosi moja kwenda kuifua, na hakuirudisha. Azzan alitoka na kikombe chake akaketi mkekani na wajukuu wa ndugu zake. Mmoja, wa miaka mitano, akamwambia, "Babu, una uji hapa." Azzan akafuta. Mtoto akaendelea kula. Wiki ile walimpikia bokoboko laini la ngano, wiki iliyofuata wali uliopondwa, na mwisho wali wenyewe, tonge moja kwa muda ambao wengine walimaliza sahani.

Alhamisi, mkesha wa harusi, mdogo wake alikuja. Azzan alikuwa ameketi kitandani.

"Tulikubaliana kumi na vinane," alisema mdogo mtu kwa upole.

"Tulikubaliana. Mwambie, Fakhriya."

Ingekuwa rahisi kusema. Hakuna ambaye angepima.

"Kumi na sita," alisema Fakhriya.

Azzan aliinamisha kichwa. Neno lake lilikuwa neno lake, na alikuwa tayari kuchukua kile kiti cha mlangoni.

"Kumi na sita, na anakula wali," aliendelea Fakhriya. "Nimemwona kwa macho yangu wiki hii yote. Pole pole, lakini anakula. Makubaliano yenu mliyafanya nyinyi wawili, hamkuniuliza mimi mpishi."

"Na ukimtoka mdomoni mbele ya Mzee Hamud?"

"Utamtoka," alisema Azzan. Alikuwa ameinua kichwa. "Nitakaa."

&nbsp;

Ndoa ilifungwa baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume waliketi chini ya turubai lililofunika upana wa mtaa, masinia kumi na manne ya biriani yakateremshwa, na kwenye sinia la kwanza Azzan aliketi goti kwa goti na Mzee Hamud, pamoja na mdogo wake, bwana harusi na shehe. Akasimamisha goti, akaegemeza kiwiko, akasema Bismillahi, akatia mkono.

Alifanya tonge dogo la ukubwa wa tende, akalisukuma upande wa kushoto wenye meno, akatafuna. Mkononi mwa Hamud matonge matatu yalikuwa yameshapita. Azzan alichambua nyama, akaisogeza mbele ya wageni kama mwenyeji anavyopaswa, akafanya tonge la pili. Punje mbili zilimtoka zikabaki kidevuni. Hakuzisikia. Mdogo wake alijigusa kidevu chake mwenyewe kumwashiria, na Azzan akafuta kwa leso, masikio yakimwaka moto.

Mzee Hamud aliona leso, aliona kovu lililopanda kutoka shingoni, na aliona lile tonge dogo linavyoingia kwa ubavu. Akaendelea kula. Masinia mengine yalianza kwisha. Watu walinawa, wakacheua, wakaanza mazungumzo ya mpira. Shehe alikuwa ameshiba, bwana harusi ameshiba zamani. Mdogo mtu akafanya kama anataka kunyanyua mkono, kisha akamwangalia Hamud.

Hamud alikuwa akiokota wali punje moja moja, bila haraka, kama mtu aliyepotelewa na kitu humo. Wageni hawanyanyui mkono kabla ya mwenyeji. Shehe akarudisha vidole siniani, akaanza kuokota na yeye, na bwana harusi akafuata.

"Wali mtamu huu, Bwana Azzan," alisema Hamud. "Usituharakishe."

Azzan alitaka kujibu, lakini kinywa kilikuwa na chakula. Akaitikia kwa kichwa, akafanya tonge jingine.

Ndani, wanawake walikuwa wakingoja masinia yarudi yaoshwe, wapakuliwe na wao. Angelina, mke wa Pantaleo, alikuwa amekunja mikono ya gauni, akisugua na kusuuza. Alihesabu yaliyokuwa yameegemezwa ukutani.

"Kumi na matatu," alisema. "Kasoro moja."

"Mbona wanaume wamekawia?" aliuliza dada wa bwana harusi, akijaribu kuficha wasiwasi. "Kuna neno limetokea huko nje?"

Fakhriya alikwenda mlangoni, akasogeza pazia kidogo kwa kidole. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mgongo wake umewaelekea wenzake, mpaka Angelina akaacha kusuuza na kumwita jina.

"Hakuna kitu," alijibu bila kugeuka. "Bado anakula."